Kiambaza kinaoza chini: lipu ya simiti, mabati, au nibomoe?

Swali: "Nyumba yangu iko upande wa Kakuyuni, Malindi. Ni ya miti na udongo, mita 6 kwa 8, paa la makuti, ina miaka tisa. Kuta zinamong'onyoka chini, hasa upande wa kusini. Nguzo mbili nikizisukuma zinacheza, na mchwa wamefika karibu na dirisha. Fundi mmoja anasema nipige lipu ya simiti kuta zote, niezue makuti na nipige mabati juu ya miti ileile. Mwingine anasema nibomoe nijenge ya mawe, lakini pesa hizo sina kwa sasa. Nianzie wapi?"

Jibu: Usibomoe, wala usipige lipu ya simiti. Ugonjwa wa nyumba uliyoieleza uko kwenye sentimita 60 za chini. Juu ya hapo, ukiacha mchwa waliofika karibu na dirisha, kwa maelezo yako bado ni nzima. Simiti uliyokusudia kuitandaza kuta nzima ipeleke kwenye msingi wa mawe, halafu ukuta wenyewe urudishe kwa udongo na chokaa. Mabati yana hoja yake, lakini si juu ya miti hiyo.

Upande wa kusini kuumia zaidi si ajabu. Masika yetu huja pamoja na kusi. Mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko yote Malindi, upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo mvua haidondoki wima, inapiga ukuta. Kisha kuna maji ya mchilizi, yanayotoka paani: yakianguka kwenye ardhi ngumu hurukia ukutani kwa kimo cha sentimita 30 hadi 50. Ukitazama utaona ukuta umeliwa kwa mstari mmoja ulionyooka, karibu usawa uleule kila mahali. Hiyo ni alama ya maji ya kuruka. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha weupe wa chumvi.

Nguzo nazo zina kisa chao. Nguzo iliyozikwa haianzi kuoza nchani, inaozea shingoni, pale usawa wa ardhi, sentimita chache juu na chini, kwa sababu ukungu unaokula mti unataka maji na hewa kwa pamoja. Ndiyo maana ukiing'oa unakuta ncha nzima na shingo imebaki nyembamba. Mvinje huisha haraka zaidi. Mkoko na mkandaa hustahimili mchwa kwa muda mrefu, ila nao shingo huisha. Oili chafu ambayo watu hupaka kabla ya kufukia hukaa juu tu, haizami ndani ya mti, na mvua huipeleka kisimani.

Sasa lipu ya simiti. Kiambaza, yaani ukuta wa miti na udongo, hunywa unyevu na kuutoa. Kikinywa hutanuka kidogo, kikikauka husinyaa. Simiti haifuatani nacho. Inapata nyufa nyembamba, maji yanaingia kwenye nyufa, na njia ya kutokea imezibwa. Udongo ulio nyuma unalainika, na siku moja lipu inaanguka kipande kizima pamoja na udongo wake. Waya wa kuku hausaidii: unashika lipu na lipu, haushiki lipu na udongo, kwa hiyo badala ya kuanguka vipande inatumbuka na kuning'inia. Na mchwa wanapenda sana pengo hilo, kwa sababu wanapanda hadi paani bila kuonekana.

Fundi wako anaweza kukuonyesha nyumba ya udongo iliyopigwa simiti na bado imesimama. Zipo. Itazame paa lake na kitako chake: mara nyingi utakuta ina upenu mpana au baraza kuzunguka, na imeinuliwa juu ya mawe. Hivyo ndivyo vinavyoilinda, lipu inapewa sifa bure.

Kabla ya kununua chochote, kagua nguzo zote. Kwangua udongo chini ya kila moja na uichome kwa bisibisi. Ikizama zaidi ya sentimita moja kwa nguvu ya mkono, hapo pameoza. Panda nayo hadi ufike kwenye mti mgumu, kisha weka alama ya makaa. Nguzo iliyooza chini ya sentimita 40 kutoka ardhini itakatwa na kukalishwa juu ya jiwe. Ile ambayo uozo umepita hapo inabadilishwa nzima. Panda pia juu ukaguse mtambaapanya, ule mti mrefu uliolala juu ya nguzo, na vichwa vya makombamoyo, miti inayobeba makuti. Ukikuta njia za mchwa zimefika huko, ongeza kwenye hesabu. Miti mipya itakayobeba paa iwe ya boriti, yaani unene wa sentimita 11.5 hadi 14, au nguzo, kuanzia 14. Mazio, sentimita 8 hadi 11.5, yafaa kwa mihimili ya muda na ya mshazari. Ukinunua mikoko hakikisha muuzaji ana kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya. Gari likikamatwa njiani na mzigo wako, hasara ni yako.

Kazi yenyewe ifanywe kati ya Januari na katikati ya Machi. Kuanza Oktoba ni kukaribisha vuli ndani ya mtaro ulio wazi.

Hatua ya kwanza ni kulibeba paa. Simamisha mihimili ya mazio yenye panda chini ya mtambaapanya, mmoja kila mita moja na nusu, juu ya vipande vya mbao ili isizame. Ikaze kwa kabari. Kisha bomoa udongo wa chini hadi kimo cha sentimita 70, kata fito zilizooza, na chimba mtaro wa msingi upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 40, au zaidi hadi ukute udongo mgumu. Usichimbe upande mzima mara moja. Chimba kipande cha mita moja, ruka mita moja, chimba kingine. Jenga vipande hivyo, acha siku tatu, ndipo urudi kwenye vilivyorukwa. Pembe za nyumba ziwe mwisho kabisa. Wengi huchimba ukuta mzima kwa sababu vibarua wamekuja na wanataka kumaliza, halafu nyumba inalala upande usiku.

Jenga kwa mawe ya timbo, upana sentimita 40, kutoka chini ya mtaro hadi sentimita 40 juu ya ardhi. Mchanganyiko wa kujengea: simiti moja kwa mchanga sita. Mchanga uwe wa mto. Ule wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo itapanda hadi kwenye chokaa yako na kuichubua. Mzunguko wa nyumba yako ni mita 28, kwa hiyo ni kama mita 9 za ujazo za ukuta wa mawe. Nunua mita 10 za mawe, mifuko 16 ya simiti ya kilo 50, na mita 3 hadi 4 za mchanga. Juu ya jiwe la mwisho tandaza plastiki nzito ya kuzuia unyevu, ile mafundi wanaiita dipisii, ila itobolewe mahali pa vyuma vya nguzo.

Hapa kwenye nguzo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fundi wa haraka atakata nguzo, aiweke katikati ya mawe na kuimwagia zege pande zote. Inaonekana imara sana. Lakini mti ukikauka unasinyaa, unaachana na zege kwa milimita mbili au tatu, na shimo lile linageuka kikombe cha kukusanya maji. Nguzo inaoza upesi kuliko ilipokuwa ardhini, na mchwa wamepewa ufa wa kupitia gizani. Nguzo inapaswa kusimama juu ya jiwe, isizame ndani yake.

Fanya hivi. Kata nguzo kwa msumeno, usawa, sentimita 2 juu ya mahali jiwe litakapoishia. Toboa tundu la milimita 12 katikati ya mti, kina sentimita 15, na uchomeke chuma cha milimita 12 chenye urefu wa sentimita 30, ili nusu ibaki nje. Chukua kipande cha bati kinachozidi mti kwa sentimita 5 kila upande, kitoboe katikati, kipitishe kwenye chuma na ukunje kingo zake zielekee chini. Kwenye jiwe la juu acha shimo, lijaze zege ya 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) hadi iguse bati, na chuma kiingie humo zege ikiwa mbichi. Kwa hiyo kutoka chini unakuta jiwe, bati, mti. Bati halimuui mchwa. Linamlazimisha ajenge njia yake ya udongo nje, kuzunguka kingo, mahali unapoiona. Ukipita na ufagio mara moja kwa mwezi unaibomoa.

Kuna deni moja linalokuja na njia hii, na usipolilipa nyumba itayumba. Nguzo iliyozikwa ilikuwa inasimama kwa kushikwa na ardhi. Sasa umeikata, chuma kimoja kinaizuia isiteleze, hakiizuii isilale. Kwa hiyo kila pembe ya nyumba, pande zote mbili za pembe, weka mti wa mshazari wa mazio kutoka chini ya nguzo ya pembeni hadi juu ya nguzo ya pili, karibu nyuzi 45, uliopigwa misumari ya inchi 5 na kufungwa kwa waya wa kujengea. Ni miti minane kwa nyumba yako. Iwe tayari kabla mihimili ya muda haijaondolewa. Fito na udongo vitaificha.

Ukirudisha fito, zifunge ndani na nje kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, na ile ya chini kabisa ikae sentimita 5 juu ya jiwe.

Udongo wa kukandika usiuchukue tu kwa sababu uko karibu. Jaza chupa ya kioo theluthi moja ya udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache hadi kesho. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, kisha vumbi laini, na mfinyanzi mwisho. Mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 15 na 25 ya kimo chote, udongo ni mzuri. Au tengeneza msokoto wa udongo wenye unene wa sentimita 3, uusukume polepole nje ya ukingo wa meza: ukikatika kabla ya sentimita 5 una mchanga mwingi, ukipita 15 ndipo ukatike una mfinyanzi mwingi na utapasuka ukikauka. Udongo wa ukuta wa zamani utumie tena, ni mzuri mno, ila ule wenye njia za mchwa uupeleke shambani.

Kwa nyumba yako ni toroli 35 hivi, pamoja na lipu ya pili. Changanya na majani makavu yaliyokatwa sentimita 5 hadi 10, loweka siku mbili au tatu, kanyaga. Kandika ya kwanza iache ipasuke. Nyufa zake ndizo zitakazoshika ya pili. Tomea kwa vijiwe mahali penye mashimo makubwa. Ya pili, unene wa sentimita moja na nusu, iwe na mchanga zaidi: anza na udongo mmoja kwa mchanga mmoja na nusu, ujaribu kwenye eneo la hatua moja, uongeze mchanga mpaka isipasuke. Ukuta ukikauka kabisa, na hilo huchukua wiki tatu au nne za kaskazi, parura uso kwa msumari kisha uloweshe na upige lipu ya chokaa.

Chokaa moja kwa mchanga mitatu, unene wa milimita 7. Kuta za nje zitakula mifuko minne ya kilo 25, na mmoja wa kupaka. Chokaa ya mfuko iloweke angalau usiku mmoja, wiki ni bora. Usikubali "simiti kidogo ya kuongeza nguvu". Ukiitia, umerudi kwenye lipu ileile tuliyoikimbia. Chokaa inakuwa ngumu kwa kunyonya hewa ya ukaa taratibu, kwa hiyo iweke kivulini kwa magunia na uyaloweshe siku saba. Ikikauka kwa jua la saa sita inageuka unga. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, juu ya ukuta ulioloweshwa. Ikirukia jichoni inaunguza. Weka ndoo ya maji safi karibu kila wakati.

Maji ya mchilizi nayo yapate pa kwenda. Chini kabisa ya ncha za makuti chimba mtaro upana wa sentimita 30 na kina cha 20, uteremke sentimita moja kwa kila mita, ujaze vifusi vya mawe. Tone likianguka juu ya mawe linavunjika na kuzama, halirukii ukuta. Migomba na maua yaliyopandwa kugusa ukuta yatoe. Na baraza ya udongo, ikiwa unayo, itenganishwe na ukuta au ijengwe upya kwa mawe: baraza ya udongo iliyoegemea kiambaza ni ngazi ya mchwa inayopita juu ya kila kitu ulichojenga.

Paa. Pima umbali kutoka ukutani hadi ncha za makuti. Sentimita 90 ndiyo nayoitaka upande wa kusi. Ukiwa na 50, utahitaji kurefusha, na hapo kuna mtego: paa la nyuzi 45 ukilirefusha sentimita 40 nje linashuka sentimita 40, na mlangoni utaingia umeinama. Kwa hiyo kile kipande cha upenu kilaze kidogo, nyuzi 30 hivi, kwa miti inayoingia ndani mara mbili ya inavyotoka nje. Makuti ya mahali palipolala huoza mapema. Ni sawa, utabadilisha ukanda huo peke yake.

Ukiezeka upya kwa makuti ya viungo, yale yaliyoshonwa kwenye kijiti, mistari iachane sentimita 10. Anayekuuzia atakwambia 15 inatosha, na mwaka wa kwanza itaonekana inatosha. Kwa upenu wa 90 kuzunguka na mwinuko wa nyuzi 45, paa lako lina mita za mraba kama 108. Kuti linalofunika sentimita 60 maana yake ni 17 kwa mita, kwa hiyo agiza 1,900 hadi 2,000. Jiko la kuni liwe nje, mbali na mchilizi. Makuti yakishika moto hakuna cha kuokoa ila watu.

Mabati, kwa upande wake, yana faida moja ambayo siwezi kuipuuza: maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako likitazamwa kutoka juu lina mita kama 76, na mahali penye milimita 1,000 kwa mwaka ungevuna lita 60,000 hivi baada ya kutoa zinazopotea. Ukiwa unanunua maji kwa mtungi, fanya hesabu yako. Lakini miti ya makuti haikunyooka, bati likilala juu yake linaacha mianya na misumari inavuja. Zaidi ya hapo bati ni jepesi, na kusi linaliinua. Ukitaka mabati, piga kenchi za mbao zilizonyooka, mwinuko nyuzi 20 hadi 25, na kila kenchi ifungwe kwa utepe wa chuma hadi kwenye nguzo, usiishie kwenye mtambaapanya. Na acha nafasi ya hewa chini ya paa, iliyofunikwa kwa wavu wa mbu. Joto la saa nane chini ya bati lisilo na dari si la kulala mtoto.

Nyumba ya mawe unaweza kuijenga baadaye juu ya msingi huuhuu. Upana wa sentimita 40 unabeba ukuta wa mawe wa nyumba isiyo ya ghorofa bila taabu, mradi umechimba hadi udongo mgumu. Kwa hiyo huyo fundi wa pili hakukosea kabisa, amekosea mwaka.

Pesa zikiisha njiani, fuata mpangilio huu: mtaro wa mchilizi na upenu wa kusini kwanza, maana hivyo ni kazi ya wiki moja na vinazuia hasara kuongezeka, kisha nguzo mbili zinazocheza na msingi wa ukuta wa kusini wote, kisha pande zilizobaki, mmoja kila kaskazi. Miti ya mshazari ya upande unaoujenga isingoje pande nyingine. Chokaa inaweza kuahirishwa. Lipu ya udongo iliyotiwa samadi ya ng'ombe, chini ya upenu mpana, itavuka masika moja, na mahali patakapochubuka utapakandika kwa mkono.